Mdogo wangu wa Moshi, nunua hilo gari la wazi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Moshi, na tangu niusome sijatulia. Anasema: "Shikamoo dada. Nimejenga, mama nimemvutia maji ndani, sidaiwi na mtu. Nataka gari la spoti la kufunua paa, nimelitamani tangu niko sekondari. Kaka yangu anasema mtu mwenye akili zake huku kwetu ananunua Prado au Harrier. Wewe unalo. Linafaa kweli?"

Marahaba mdogo wangu. Linafaa, tena sana. Na kwa kuwa wako wengi wenye hamu kama yako, wameificha kwa kuogopa maneno ya watu, nakujibu hapa hapa mbele ya wote.

Langu ni Mazda Roadster, toleo la pili, injini ya cc 1800, gia za mkono. Nje ya Japani wengi hulijua kwa jina la MX-5. Toleo la kwanza lilionyeshwa Chicago mwaka 1989, wakati magari madogo ya wazi yalikuwa karibu yamesahaulika, na kufikia 2016 MX-5 zilikuwa zimeshatengenezwa milioni moja. Siri yake ni wepesi. Lina uzito wa tani moja na kidogo tu, limegawanyika karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, na nguvu inakwenda kwenye matairi ya nyuma. Kwa hiyo matairi ya mbele hayabebi kazi mbili, yanageuza tu. Ukigusa usukani, gari limeshageuka, na mkono wako unajua lami ikoje.

Sasa, watu wanadhani utamu wa gari hili ni mbio. Ungekuwa mbio, ningeshaliuza. Barabara ya Arusha kwenda Moshi ni kama kilomita 80, na wewe unaijua: Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, kila penye nyumba kuna kibao cha 50, na trafiki yuko chini ya mti na tochi yake. Mwenye V8 anateseka safari nzima, kagonga breki, kaongeza, kagonga tena. Mimi kwenye hiyo 50 niko gia ya tatu, nimekaa chini karibu na lami, upepo unapita juu ya kioo, na mwili unaona mwendo ambao kwenye gari refu lililofungwa ungeuona kwenye 100. Sijawahi kupigwa tochi na gari hili. Sina haja.

Na vitu unavyovipata! Ndani ya gari lenye kiyoyozi safari ile ni lami na malori. Paa likiwa wazi, Tengeru unanusa ndizi kabla hujaliona soko. Boma Ng'ombe ni moshi wa nyama choma. Ukishuka bonde la Mto Kikavu hewa inabadilika ghafla, baridi inakushika shingoni, ukipanda upande wa pili joto linakurudia. Hilo bonde nimelipita tangu utotoni kwenye Kosta na Noah, nikiwa nimebanwa dirishani, na sikuwahi kujua kwamba lina hewa yake.

Mlima ndio usiseme. Alfajiri ya Januari, ukishapita njia panda ya KIA, Kilimanjaro inasimama mbele yako yote, kuanzia chini hadi kwenye theluji. Kwenye gari la kawaida paa linakukatia kilele, unainama juu ya usukani kama unatafuta kitu. Kwenye langu nainua macho tu.

Mwezi wa Oktoba na Novemba Arusha mijakaranda inachanua, maua ya zambarau yanakuangukia mapajani ukisubiri kwenye foleni. Mvua za vuli zikianza, panda Uru au Kibosho kahawa ikiwa imetoa maua meupe. Ile harufu hainunuliwi dukani. Na baridi ya Juni na Julai isikutishe: pandisha vioo vya pembeni, fungulia hita miguuni, vaa koti, acha paa wazi. Miguu ina moto, uso una baridi ya Meru. Huo ndio utamu ninaoupenda kuliko wote.

Lakini jambo ambalo sikulitarajia ni salamu. Magari yetu siku hizi yana vioo vyeusi, mtu anapita kijijini kwao kama mgeni. Gari la wazi halikupi nafasi hiyo. Mara ya kwanza nilipompakia mama, alijifunga kilemba vizuri, tukatoka Himo tunapandisha Marangu. Kuanzia njia panda hadi nyumbani tulisimama kila penye mtu anayemjua, na mama anajua watu wote. Huyu anaulizwa mguu, yule anaulizwa ng'ombe, wazee wanaegemea mlango wakiongea naye macho kwa macho kwa kuwa vioo vimeshashushwa. Tulifika jua limezama. Mama alishuka anacheka, akasema kesho ibadani twende na hilo hilo.

Baba mdogo yeye hajawahi kulikalia. Ilikuwa Desemba, ukoo wote umerudi kwa Krismasi, magari ya kutoka Dar yamejaa uani hadi kwenye migomba. Akasimama mbele ya watu akasema: "Viti viwili! Msiba ukitokea atambeba nani?" Watu wakacheka. Katika waliocheka wapo ambao ada za watoto wao nimelipa mimi, na michango ya misiba anayoisema sijawahi kuikosa. Niliumia, na bado naumia nikikumbuka. Sikumjibu, ni baba yangu. Lakini nakwambia wewe, na wote mnaosoma: ukoo wetu unampongeza mtu akinunua kiwanja, akinunua furaha yake unaitisha kikao. Kama umetimiza wajibu wako, usiombe ruhusa. Umejenga. Mama ana maji. Unamngoja nani akwambie sasa unaweza kufurahi? Miaka inakwenda, magoti yanakaza, na gari hili linataka magoti ya kukaa chini na kunyanyuka.

Ya kununua ni machache. Kabla hujaagiza, weka mwaka na cc kwenye kikokotoo cha TRA, maana gari likifikisha miaka 8 linaongezewa kodi ya uchakavu, na hapo ndipo wengi hukwama gari likiwa bandarini. Toleo la kwanza lina kioo cha nyuma cha plastiki, ni lazima ukifungue zipu kabla ya kukunja paa, la sivyo kinavunjika mikunjo. La pili limewekewa kioo kamili, chukua hilo. Nyuma ya viti kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua. Vikiziba majani, maji yanaingia kwenye boriti za chini ya milango na kuzila kwa kutu. Fundi mmoja aliwahi kuniambia havina kazi, akataka kuviziba kwa silikoni. Nilimnyang'anya bomba mkononi. Matuta yapande kwa mshazari, polepole, maana chini hakuna hata sentimita 15. Kofia daima, jua la huku juu linaunguza hata kukiwa na ubaridi. Na masika funika, hakuna ujanja.

Kaka yako usigombane naye. Gari likifika, mpe kiti cha pembeni, mpandishe Machame asubuhi mapema paa likiwa wazi, msalimie watu njia nzima. Habari za Prado mzungumze mkirudi.