Jibu: Mvua ya mawe inatoka wapi wakati nje kuna joto?

Mkuu, umeuliza barafu inadondokaje mchana wa joto kali. Joto hilo hilo ndilo linaloanzisha kazi. Ardhi ikipata moto, hewa yenye unyevu hupanda kwa kasi na kujenga lile wingu refu jeusi la ngurumo, ambalo kilele chake kinaweza kupita kilomita 10. Kila ukipanda kilomita moja joto hushuka takriban nyuzi 6.5, kwa hiyo huko juu ni friza tupu.

Sasa utamu uko hapa: ndani ya wingu kuna matone yaliyo chini ya nyuzi sifuri lakini bado ni maji. Yakigusa chembe ya barafu yanaganda palepale. Upepo unaopanda huishikilia chembe hiyo, nayo inazidi kunenepa mpaka uzito wake uushinde upepo. Siku nyingine okota jiwe kubwa ulikate katikati. Mara nyingi utaona pete nyeupe zikipishana na zinazong'aa kama kioo, mfano wa kitunguu. (Subiri mvua iishe kwanza, usije ukapasuliwa kichwa!) Lililoanguka South Dakota, Marekani, mwaka 2010 lilikuwa na kipenyo cha sentimita 20.