Nesi naye ana neno kwenye sera?

SWALI: Shikamoo dada, mi ni nesi zahanati moja huku Ukerewe, kila mwaka inashuka miongozo mipya toka juu sisi tunaambiwa tu tekelezeni, hivi nesi anaruhusiwa kweli kusema sera hii haifanyi kazi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tena wewe ndo unapaswa kuwa wa kwanza kusema, maana Sera ya Afya ya 2007 inataka mjamzito atibiwe bure, ila anayemwona mama kavuka na mtumbwi toka kisiwa cha pili halafu anaambiwa akanunue glovu ni nani kama sio wewe? Hayo unayoyaona ndo tathmini yenyewe ya sera. Shida manesi wengi mnaongelea kwenye chai tu. Andika! Vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za huduma za zahanati, si mnavijaza wenyewe, toa namba humo, rufaa ngapi, dawa gani iliisha mwezi gani, mpe mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati yenu, apeleke kamati ya zahanati kabla halmashauri haijapanga bajeti, nakala peleka TANNA, chama chenu manesi hicho. Majina ya wagonjwa usiweke. Na usianzie WhatsApp, utaitwa mchochezi bure.