Kwa mnaoanza kazi ya vyura wa vidimbwi: hesabuni siku za maji

Kila masika yakikaribia huletewa vijana wawili watatu wa chuo waje kujifunza kazi huku pwani ya Tanga, na swali lao la kwanza huwa lile lile: tutaona vyura wangapi? Si swali baya. Ila ndilo lililonipoteza mimi mwaka wangu wa kwanza.

Nilikuwa na kidimbwi kimoja njia ya Kigombe, pembeni ya shamba la mkonge, nacho nilikitembelea kila Jumamosi. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Nilipofika, vyura walikuwa wanalia kiasi kwamba ukipigiwa simu husikii. Nikahesabu mapovu 17 ya mayai kwenye matawi, nikaandika daftarini "uzazi mzuri sana". Jumamosi iliyofuata maji yalikuwa yamepungua. Ya tatu yake kidimbwi kimejaa tena, kelele zile zile, nikaandika "uzazi unaendelea". Msimamizi wangu aliposoma akaniuliza: wale wa kwanza walitoka majini wangapi? Nikabaki kimya. Hapo katikati kidimbwi kilikauka kabisa mimi nikiwa mjini, na kizazi kizima kikaenda na jua. Daftari langu lilisomeka kama harusi, kumbe lilikuwa la msiba.

Tanga inasifika kwa ule usemi wa waja leo waondoka leo. Kidimbwini hauna kazi. Andika siku maji yalipoingia, siku yalipokauka, na siku ngapi yalikaa bila kukatika. Siku kavu nayo iandike, usiache nafasi wazi. Baada ya miezi mitatu hutakumbuka kama nafasi ile ilimaanisha hakuna maji au wewe hukwenda.

Sababu ni hii. Vyura wengi hawachagui kidimbwi cha msimu kwa kukosa bwawa. Wanakichagua kwa kuwa kinakauka: panapokauka samaki hawaishi, na samaki hula mayai na watoto wao. Gharama yake ni kukimbizana na muda. Wako ambao watoto wao humaliza kukua kwa wiki tatu nne, wako wanaotaka miezi miwili na ushei, kama baadhi ya jamii ya Kassina. Kwa hiyo kidimbwi kilichoshika maji mwezi mmoja kimewalea hawa na kuwazika wale, hata kama wote walilia usiku mmoja. Chura kulia si chura kuzaa, na kuzaa si kulea.

Ukitaka kuelewa jambo hili kwa macho yako, mtazame chura wa povu, ambaye wataalamu humwita Chiromantis xerampelina. Jike hupanda tawi lililoinama juu ya maji, akatoa ute na kuukoroga kwa miguu ya nyuma kama mtu anayepiga mayai ya keki, madume wakiwa wamemng'ang'ania. Povu hilo hukauka kwa nje likawa kama ganda, ndani likabaki na unyevu. Siku kadhaa baadaye linalegea upande wa chini na watoto wanadondoka mmoja mmoja kama matone ya bomba bovu. Niliwahi kukaa chini ya tawi la namna hiyo wakati wa kudondoka. Chini hapakuwa na maji, palikuwa na tope lililoanza kupasuka. Kitoto kimoja kilianguka ukingoni mwa ufa, kikajipinda mara tatu nne, sisimizi wakafika kabla hakijatulia. Yule jike hakukosea. Mvua ilimwambia zaa, akazaa. Kilichomwangusha ni kile kiangazi kifupi kilichoingia katikati ya msimu.

Hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapogusa kazi yetu. Wageni hukimbilia jumla ya mvua ya msimu. Jumla inaweza kuwa ya kawaida kabisa huku mvua yenyewe imekuja kwa mikupuo mitatu mikubwa yenye mapengo marefu, na chura haishi ndani ya jumla. Joto likizidi maji huondoka upesi zaidi, na kwenye kina cha kifundo cha mguu saa nane mchana ukitia mkono ni kama maji ya kuoga. Watoto wa vyura huhisi maji yakipungua, na baadhi ya aina huharakisha ukuaji: hutoka mapema, lakini wadogo na wenye miguu mifupi. Kwa hiyo usiridhike kwamba wametoka. Wapime urefu na uzito.

Maji mengi nayo yana balaa lake. Vuli ya 2019 na ile ya El Niño ya 2023 zilikuwa za mafuriko, na mafuriko yakiunganisha kidimbwi na mto, kambare anaingia. Katikati ya miaka hiyo tukapata vuli za 2021 na 2022 zilizosuasua. Ukifanya utafiti wa msimu mmoja tu, utaandika kwa uhakika mkubwa kitu ambacho msimu unaofuata utakikana.

Kwa jumla ya dunia hali si nzuri. Tathmini iliyotolewa 2023 ilionyesha kuwa takriban asilimia 41 ya aina za amfibia, yaani vyura na jamaa zao, ziko hatarini kutoweka, na kwamba tangu 2004 tabianchi imekuwa sababu kuu ya hali za aina nyingi kuzidi kudorora. Lakini msiitwike tabianchi kila kidimbwi kilichokauka. Mimi niliwahi kuandika aya nzima kuhusu ukame, kumbe nyuma ya kichaka mtu ana pampu anamwagilia nyanya. Zunguka kidimbwi kwanza. Angalia mifereji, kwato za ng'ombe, mashimo ya kuchimba kifusi.

Kipimamvua weka hapo hapo. Mvua ya Tanga mjini si mvua ya Kigombe. Mti wa kupimia kina uchomeke ndani kabisa. Wangu wa kwanza ulikwenda jikoni kuwa kuni, nami sina wa kumlaumu.

Mambo ya mikono: yule chura mweusi mwenye michirizi miwili myekundu mgongoni ana ute wa sumu. Niliwahi kumtia mfuko mmoja na vyura wa aina nyingine, asubuhi yuko hai peke yake. Kila chura na mfuko wake, na usijifute macho. Mabuti na nyavu visafisheni kwa maji ya klorini kabla ya kuhamia kidimbwi kingine, maana kuna kuvu inayoua vyura, nayo husafiri na matope yetu. Vibali vya utafiti vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) shughulikieni mapema, kwa sababu vidimbwi havisubiri barua.

Na kabla ya yote, ofisi ya kijiji, halafu shikamoo kwa majirani. Usiulize "mna viluwiluwi hapa?" Neno hilo ni la watoto wa mbu pia, watadhani umetoka idara ya afya kuja kupuliza dawa. Sema watoto wa chura. Watacheka, kisha watakueleza mambo ambayo kipimamvua hakijui. Mzee mmoja aliniambia kidimbwi changu zamani kilikuwa kikifika mpaka mashina ya minazi ile, akaninyooshea, na minazi yenyewe iko mbali.

Mimi siwezi kuwa pale kila siku, hivyo nilikubaliana na mama mmoja anayepita hapo akienda shambani, namlipa vocha na nauli kidogo. Mwaka jana, wiki moja tu baada ya vyura kulia, alinipigia alfajiri. "Shikamoo mama," nikaanza. "Marahaba mwanangu. Maji yako yameisha." Nikaamka kutafuta daftari niandike tarehe.