Anza na Nyfes

Umeuliza uanze na filamu ipi ya visiwa vya Ugiriki inayogusa moyo, siyo ya kuonyesha fukwe tu. Nakushauri Nyfes, yaani "Maharusi", ya Pantelis Voulgaris, iliyotoka 2004. Hadithi ni ya mwaka 1922. Meli inakwenda Marekani na wasichana 700 hivi, wanaokwenda kuolewa na wanaume wanaowajua kwa picha tu. Niki, fundi wa kushona kutoka kisiwa cha Samothraki, anakwenda Chicago kushika nafasi ya dada yake aliyeshindwa maisha ya huko akarudi. Melini anakutana na mpiga picha Mmarekani, na hapo ndipo penye uchungu: anampenda, lakini ahadi imeshatolewa na heshima ya nyumba nzima iko mabegani mwake. Mwisho sikwambii. Ila wasichana wanapopigwa picha na shela zao, watazame nyuso polepole. Mimi nililia pale.

Ukiipenda, tafuta Taxidi sta Kythira, yaani "Safari ya Kythira", ya Theo Angelopoulos (1984). Inakwenda taratibu mno, ujipe usiku mzima. Mzee Spyros, mpiganaji wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ugiriki, anarudi baada ya miaka 32 uhamishoni Umoja wa Kisovieti, na nchi haimtaki tena. Wenye mamlaka wanamtoa hadi bahari kuu, wanamwacha juu ya chelezo. Mkewe Katerina, aliyemngoja miaka yote hiyo, anaomba apelekwe naye.