Tundu la mausi limevunjika, mashine bado nzima

Ndugu, unauliza utatoaje mafaili kwenye kompyuta yako ya zamani wakati tundu la mausi limevunjika. Kama tundu hilo ni lile la duara la kijani, yaani PS/2, usilichokonoe. Lile la zambarau pembeni ni la kibodi, kwa kawaida mausi haifanyi kazi humo. Tafuta tundu la USB nyuma ya mashine. Kuanzia Windows XP, mausi ya USB hutambuliwa yenyewe, unachomeka tu. Hata hilo likikosekana, kuna njia ambayo wengi hawaijui: bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, ukubali ujumbe utakaotokea, kisha sogeza mshale kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia wa kibodi, 5 ndiyo kubofya. Inachosha kweli, lakini mafaili utayatoa.