Mafundi Wanajibu: Stendi za sinthesaiza ndogo za mezani

SWALI: Nina Korg Volca mbili (sinthesaiza, yaani vinanda vidogo vya umeme) na nimezitengenezea stendi ya plaiwudi ya ghorofa mbili. Ya chini imelala, ya juu imeinama. Chini, mbavu za stendi (mbao mbili za pembeni zinazobeba rafu) zina urefu wa sentimita 15 tu, maana meza yangu ni ndogo. Nikibonyeza vitufe vya juu, stendi inabinukia nyuma. Halafu plagi ya MIDI (waya wa kuunganisha ala za umeme ziwasiliane) ya Volca ya chini inagonga rafu ya juu. Nimekosea wapi? *Msomaji, Jinja*

JIBU: Ndugu yetu wa Jinja, hayo makosa mawili yana chanzo kimoja: ulipima sinthesaiza ikiwa tupu, bila nyaya zake. Volca ina upana wa milimita 193 na kina cha milimita 115, lakini jeki ya MIDI iko juu ya uso wake, karibu na ukingo wa nyuma. Plagi iliyonyooka husimama kama milimita 55 kabla waya haujaanza kupinda. Sinthesaiza ikilala, plagi inasimama wima na kuikuta rafu ya juu. Yaelekea uliisogeza rafu ya juu mbele kidogo ili kuokoa nafasi, na bado ikatokeza nyuma ya mwisho wa mbavu. Kidole kikibonyeza sehemu hiyo iliyotokeza, stendi lazima ibinuke.

Inamisha zote mbili kwa nyuzi 25. Sinthesaiza ikiinama, plagi nayo inaegemea upande wako na kuiachia rafu ya juu nafasi. Kama huna kipimapembe, tumia rula: kwa kila sentimita 10 za chini, panda sentimita 4.7. Ukitaka nyuzi 20 panda 3.6, nyuzi 30 panda 5.8. Zaidi ya 30 hatushauri kwa mashine yenye vitufe vya kupiga kwa vidole, kwa kuwa kila pigo linaisukuma nyuma badala ya kuikandamiza chini.

Tafuta kipande cha plaiwudi ya milimita 12 chenye ukubwa wa sentimita 60 kwa 35. Kitatoa mbavu mbili za milimita 240 kwa 160, rafu mbili za 197 kwa 120, na mti wa kufungia nyuma wa 197 kwa 40. Zile milimita 4 za ziada kwenye upana wa rafu ni za makusudi, ili mashine iingie na kutoka bila kukwaruzwa.

Chora ubavu mmoja kuanzia pembe ya mbele. Weka alama kwenye kimo cha milimita 20. Nenda nyuma milimita 109, weka alama ya pili kwenye kimo cha 71, kisha unganisha: huo ni mteremko wa chini. Endelea nyuma milimita 10 kwa usawa, panda wima hadi kimo cha 105, kisha nenda tena milimita 109 hadi kimo cha 156. Bana mbavu zote mbili pamoja na uzikate kwa mkupuo mmoja. Ukikata moja moja zitatofautiana kidogo, na tofauti ya milimita 2 tu inatosha kuifanya stendi icheze mezani.

Rafu zinakaa katikati ya mbavu, uso wake ukilingana na mteremko. Hapa ndipo plaiwudi huharibika, kwa sababu skrubu inaingia ukingoni mwa rafu, kati ya tabaka, na kuzitenganisha. Toboa kwanza kwa biti ya milimita 2, paka gundi nyeupe ya mbao, kisha tumia skrubu nyembamba za milimita 3 kwa 30, mbili kila upande, angalau milimita 25 kutoka kwenye kona. Kaza kwa mkono. Acha gundi ikauke hadi kesho yake ndipo uweke mzigo. Mti wa kufungia nyuma usiuache, hata kama stendi inaonekana imara bila huo. Bila mti huo mbavu zitalegea kwenda kulia na kushoto, na skrubu zitapanua matundu yake.

Mbele ya kila rafu gundisha kijiti bapa chenye unene wa milimita 9, kikipanda milimita 12 tu juu ya rafu. Kikizidi hapo, vidole vitakigonga unapopiga kibodi.

Kuhusu kuteleza: mpira wa ndani wa baiskeli, ule uliochakaa ambao mafundi wa pancha huutupa, unafanya kazi nzuri sana. Kata vipande vya milimita 15 kwa 40 na uvioshe kwa sabuni. Ndani una unga mweupe, na usipouosha gundi itashika unga badala ya mpira. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, ubaoni na kwenye mpira, ngoja hadi isinate kidoleni, ndipo ubonyeze. Uweke chini ya mbavu tu. Juu ya rafu tumia kitambaa kizito, kwa sababu mpira mweusi ukikaa miezi kadhaa ukigusana na plastiki unaweza kuacha doa lisilofutika.

SWALI: Mbao gani inafaa? Huku napata painu na masalio ya mvule, na jamaa yangu wa Kampala anaweza kuniletea musizi kutoka soko la mbao la Ndeeba. *Msomaji, Mbale*

JIBU: Kwa stendi ya kwanza tungekushauri plaiwudi, kwa kuwa haijipindi. Ukitaka mbao halisi, musizi ni mwepesi na unakatika vizuri, ingawa ni laini: kona zake hubonyea ukiigonga. Mvule unadumu na unapendeza, lakini vumbi lake linawasha pua na ngozi, kwa hiyo piga msasa nje, ukiwa umefunika pua na mdomo. Painu mara nyingi huuzwa ikiwa bado mbichi. Iguse: ikiwa ya baridi na nzito kuliko inavyoonekana, iache ndani ya nyumba wiki kadhaa kabla ya kukata.

Jambo moja ambalo wengi hawaliangalii: nyuzi za mbao kwenye ubavu zielekee mbele na nyuma. Zikisimama wima, ile ncha ya mbele yenye kimo cha milimita 20 itakatika siku utakapoibeba stendi kwa upande mmoja.

SWALI: Je, naweza kufunga soketi ya kugawia umeme na adapta nyuma ya stendi? Na adapta ya volti 9 ya pedali ya gitaa inafaa kwa Volca? *Msomaji, Arua*

JIBU: Adapta hiyo usiichomeke kabla ya kusoma mchoro ulio juu yake. Volca inataka volti 9 zenye chanya katikati ya plagi, lakini adapta nyingi za pedali zina hasi katikati. Volti zinalingana, mwelekeo umegeuka, na mashine inaweza kuungua.

Soketi ya volti 240 iache sakafuni au ukutani. Ikiwa kwenye stendi, kila ukivuta waya unavuta na sinthesaiza, na mngurumo unaingia kwenye nyaya za sauti zinazopita ubavuni mwake. Pitisha nyaya za umeme upande mmoja wa stendi na za sauti upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatizane kama msalaba, zisiende sambamba. Umeme ukikatika, Volca inakubali betri 6 za AA, na mlango wa betri uko chini ya mashine. Kwa hiyo usiigundishe kabisa kwenye rafu.

SWALI: Fundi wa Katwe anaweza kunikunjia stendi ya chuma? *Msomaji, Kampala*

JIBU: Anaweza. Mpe kielelezo cha kadibodi chenye vipimo vyote, ukiwa umekijaribu na mashine yenyewe, nyaya zikiwa zimechomekwa. Omba chuma bapa cha milimita 20 kwa 3. Ncha zipigwe tupa, kisha chuma chote kipakwe rangi, kwani kutu huhamia kwenye plastiki.