Kwenda Kilwa kwa gari dogo

Watu wa Dar wakipanga safari ya gari, wengi huwaza Arusha. Barabara ya kusini wameiachia mabasi na malori, ilhali ina mengi ya kutazama ndani ya kilomita 330 hivi, tena ni lami.

Anza na tairi la spea. Pima upepo wa matairi yote matano asubuhi, gari likiwa halijatembea, kwani tairi lenye joto husoma juu. Kisha legeza na ukaze kila nati kwa spana yako mwenyewe. Nati zilizokazwa kwa mashine haziachii kwa spana fupi ya kwenye buti, na ni afadhali kuligundua hilo nyumbani kuliko porini. Beba bomba la kurefushia mpini.

Gari la kilomita 10 kwa lita linakula lita 33 kwenda tu. Jaza Dar, ongeza Kibiti au Ikwiriri.

Toka Mbagala saa 11 alfajiri, kabla foleni haijashika. Kwenye vijiji punguza hadi 50 pale pale kwenye kibao, usingoje nyumba ya kwanza. Trafiki wa tochi, ile ya kupima mwendo, wapo, na watoto wanavuka. Masika, Machi hadi Mei, ahirisha. Maji yakipita juu ya lami usiyajaribu hata kama yanaonekana mafupi: tuta la chini huenda limeshamegwa.

Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, karibu mita 970, lilifunguliwa 2003. Kabla yake watu walivuka kwa pantoni. Ng'ambo kuna Mohoro, ambako Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa Vita vya Majimaji, mwaka 1905. Pita taratibu.

Nangurukuru kata kushoto. Ukinyoosha unakwenda Lindi. Kilwa Kivinje ina nyumba za kale zenye milango ya nakshi, ipe nusu siku. Lala Kilwa Masoko, chukua kibali cha Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, halafu panda mashua asubuhi upepo haujachachamaa. Uliza maji yatakupwa saa ngapi, maana yakikupwa mashua hukwama mbali na utateremka kwa miguu topeni. Vaa viatu vya kulowa. Magofu ya Msikiti Mkuu na ya jumba la Husuni Kubwa hayako pamoja, kuna mwendo wa miguu juani. Beba maji lita 2 kwa kila mtu.

Kurudi, usiendeshe usiku. Lori lililoharibika mara nyingi halina taa. Ukiona matawi mabichi yametandazwa barabarani, punguza mwendo hapo hapo: lori liko mbele yako.